Viriba Visivyochanwa

Siku ya kupanda miche, shangazi yangu wa Kolo huamka na wembe. Huufunga kwenye pindo la kanga, fundo moja, na asubuhi nzima utamwona akiligusagusa lile fundo kuhakikisha halijalegea. Kazi ya wembe ni kuchana kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki unaooteshewa mche, kabla mche haujaingia shimoni. Unachana upande mmoja mpaka chini, unauvua mfuko taratibu udongo usimwagike, unasema bismillah, unapanda. Asiyechana huonekana mvivu, au huulizwa kama anaumwa. Mimi ndiye niliyemwambia, mbele za watu, aurudishe wembe wake kwenye pindo.

Naandika nikiwa na aibu, na ni bora niseme mapema ili msomaji asidhani nataka kumpa habari ya mafanikio. Za mafanikio nazijua kuzisimulia. Nina slaidi zake.

Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Kwa kuwa nimepewa jina la marehemu mama yake, hajawahi kuniita kwa jina hilo hata mara moja. Huniita mama. "Mama, umekula?" "Mama, acha maringo, shika jembe." Nimekua, nimesoma, nafundisha kemia chuo kikuu Dodoma mjini, lakini nikishuka kwenye basi pale Kolo mimi ni mama yake na nitachota maji kama kawaida. Wanawake wa kikundi chake huniita mwalimu. Yeye peke yake ndiye wa mama.

Kikundi chenyewe ni cha wanawake kumi na wachache, na shangazi ndiye mkuu wa kitalu. Cheo hicho hakukipewa kwa barua. Alikipata kwa sababu mche uliotoka mkononi mwake haukufa, hasa mpapai. Mpapai una deko. Ukiigusa mizizi yake wakati wa kuhamisha, unanuna wiki nzima, na wakati mwingine hauchangamki tena. Wa shangazi haukununa. Watu walitoka vijiji vya jirani kufuata miche yake, naye akajifanya hajali huku anajaa kifua. Tuseme ukweli, alikuwa na majigambo. "Mche wangu ukifa," alikuwa akiwaambia, "njooni mnizike mimi." Heshima yote aliyokuwa nayo pale kijijini ilikaa kwenye maneno hayo.

Mimi wakati huo nilikuwa natafuta shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ulihusu vichocheo vya kikaboni, na nilipoulizwa kijijini hicho ni kitu gani, nilieleza hivi. Kuna plastiki ya jamii ya poliesta inayotokana na asidi ya sukari iliyochachushwa, na hiyo, tofauti na ile nyeusi, inaweza kuoza. Ila vipande vyake vidogo havishikani vyenyewe kuwa mnyororo. Vinahitaji mshenga. Mshenga anaongea na upande huu, anaongea na upande ule, ndoa inafungwa, yeye anaondoka kwenda kuposa nyumba nyingine. Huyo ndiye kichocheo. Viwandani mshenga wa siku zote hutokana na madini ya bati, na bati likibaki ndani ya plastiki, plastiki ikioza linaachwa udongoni. Sisi tulitaka mshenga asiye na metali ndani yake: unga mweupe, kiasi cha ncha ya kijiko, wa kaboni na naitrojeni, vitu ambavyo hata jani la mpapai linavyo.

Shangazi aliipenda sana habari ya mshenga. "Na asipoondoka?" aliniuliza. Nikamwambia asipoondoka anageuka kuivunja ndoa ileile aliyoifunga, ndiyo maana mwisho wa kazi tunamtoa kwa asidi na kuiosha plastiki mpaka iwe safi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo namjua," akasema, akamtaja jirani yetu mmoja.

Adui wa kazi ile ni maji. Unyevu kidogo ukiingia kwenye chupa, kila chembe ya maji inaanzisha mnyororo wake, na badala ya minyororo michache mirefu unapata mifupi kibao isiyo na nguvu. Mara ya kwanza nilifanya masika. Hewa ilikuwa nzito, gesi ya kufukuzia unyevu iliniishia katikati, na sikumtoa mshenga vizuri. Kilichotoka kilikuwa cha manjano kama kucha ya mzee, ukikikunja kinavunjika. Niliona haya hata kumwonyesha msimamizi wangu. Nilikatakata vipande, nikampelekea shangazi tucheke wote, naye akavitupa kwenye lundo la samadi la ng'ombe. Sikuviwazia tena.

Kiangazi kilipofika nikarudia. Anayeijua Dodoma anaujua ukavu wa mwezi wa saba: midomo inapasuka, nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Kwa kemia yangu ilikuwa neema. Minyororo ikatoka mirefu, poliesta ikatoka nyeupe, laini, inavutika. Niliigandamiza kwa moto ikawa karatasi nyembamba, na viriba nilivifunga kwa mashine ya mama mmoja anayefungasha karanga karibu na chuo, ambaye alinishangaa lakini akanipa nafasi. Viriba sitini. Nilivipanga juu ya meza ya maabara nikavipiga picha kabla hata sijavihesabu vizuri. Msimamizi wangu alifurahi, akasema tutaita wageni siku ya kupanda, waone mche unaingia ardhini na kiriba chake, bila kuchana, mizizi haiguswi, ardhi inakula mfuko. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Bila hilo, viriba vyangu vingekuwa mifuko tu.

Maabara yetu ilikuwa na fundi sanifu, mzee wa Kigogo aliyekaribia kustaafu, mwenye shamba la zabibu huko Zuzu, nje kidogo ya mji. Alikuwa mtani wangu, hakunionea haya hata siku moja. Alikinyanyua kiriba kimoja dirishani, akakitazama.

"Mwalimu, hiki kizuri," akasema. "Kizuri mno. Kinaozeshwa na nini?"

"Maji, joto na vijidudu."

"Maji ya wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia sampuli zangu zimeoza vizuri kabisa ndani ya oveni, kwenye mboji iliyoloweshwa, kwa joto la nyuzi karibu sitini.

"Zuzu hatuna oveni," akasema. Akaomba kipande, akaenda kukifukia kwenye shamba lake.

Mwezi wa tisa nikavipeleka viriba Kolo. Shangazi alivijaza udongo na samadi, akasia mbegu alizozichagua mwenyewe kutoka mpapai wake wa uani, akavimwagilia kila siku kwa kopo lenye matundu. Aliniuliza swali moja tu. "Mama, udongo wa huku utakila hiki?" Nikamwambia utakila. Hakuuliza tena, na kikundi kizima kiliacha kuuliza kwa sababu yeye ameacha.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, fundi aliniwekea mezani kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Kilikuwa kile kipande, kimechafuka, basi. Nilikivuta kwa mikono miwili hakikukatika. Namba ya sampuli niliyoiandika kwa kalamu ya maabara ilikuwa bado inasomeka. Niliutazama ule mwandiko wangu na nikaelewa yote palepale, kwa sababu sikuwa mjinga. Ukavu ulioniundia minyororo mirefu ndio huohuo uliokuwa unailinda isikatike. Minyororo ile hukatwa na maji. Hapakuwa na maji, wala joto la oveni.

"Mvua bado," akasema fundi. "Wapigie wa Kolo uwaambie wachane."

"Nitawapigia."

Nikakitia kipande kwenye droo, nikaifunga.

Mtu msomi hakosi hoja. Nilijiambia Kolo kuna vilima, mvua yao ni nzuri kuliko ya Zuzu. Nilijiambia mzizi wa mpapai una nguvu, utatoboa. Nilijiambia kipande kimoja si ushahidi, na wanafunzi wangu wakiniletea sampuli moja huwa nawarudisha. Ukweli ni kwamba wageni walikuwa wameshaalikwa, msimamizi ameshatangaza, na mimi nilitaka ile picha ya mche ukiingia ardhini na kiriba chake. Jioni ileile nilimpigia shangazi. Tukasalimiana, akanieleza kuwa miche imefika shubiri moja na majani yake yanang'aa. Nikamuuliza habari za mguu wake. Nikamuuliza kama mbuzi amezaa. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, chaneni, na nilikuwa na muda wa maongezi wa kutosha. Tukaagana.

Siku ya kupanda, mwezi wa kumi na mbili, ardhi ilikuwa imelowa vizuri. Wageni walikuja na gari mbili, wamevaa mabuti mapya. Wanawake wa kikundi walikuwa wameshachimba mashimo, kila mmoja kwake, na la mfano lilikuwa shambani kwa shangazi. Akapiga magoti. Akaushika mche mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaenda kwenye pindo la kanga, wenyewe, kama unavyoenda siku zote. Wembe ukatoka. Akanitazama kidogo. Nadhani alikuwa anasubiri nimwambie.

"Shangazi, wembe weka," nikasema, na nikacheka kwa ajili ya wageni. "Hii ni teknolojia mpya. Haichanwi."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Yeye naye akatabasamu, akaufunga wembe, akasema bismillah, akaingiza mche na kiriba chake. Picha ilipigwa wakati huo. Ukiitazama vizuri utaona mkono wake wa kulia bado umeshika fundo.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kutosha, sina hata ya kuisingizia. Mahindi yalipanda, alizeti zikafungua. Mipapai ilifika magotini ikasimama. Majani ya chini yakawa manjano, kisha ya juu. Upepo wa mwezi wa pili uliiangusha mingi, na iliyoanguka iling'oka na kiriba chake kizima. Haya sikuyaona mwenyewe. Niliyasikia kwa simu, kidogokidogo, shangazi akiyataja kati ya habari nyingine, na kila mara nilisema pole nikabadilisha mazungumzo.

Nilikwenda mwezi wa tatu. Nilikuta wanawake wa kikundi wamekaa uani kwake, kwenye mikeka, na nikapewa kikombe cha uji nikae nao. Mmoja, mwanamke mpole ambaye miche yake yote kumi ilikuwa imeanguka, ndiye aliyezungumza. Alisema yeye haelewi. Amechimba shimo kwa kipimo, ametia samadi, mvua imenyesha. Mwaka mzima umekwenda. Alizungumza akiutazama mkeka, kwa sababu kumwuliza shangazi swali la namna ile halikuwa jambo rahisi.

Nikamwona shangazi anavuta pumzi. "Mbegu zilikuwa mbaya," akasema. "Nilizianika juani badala ya kivulini. Ni kosa langu, mnisamehe."

Mtu yeyote pale alijua shangazi hajawahi kuanika mbegu juani maishani mwake. Angemchapa mtoto kwa hilo. Lakini amesema mwenyewe, nani ambishie? Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama safari ijayo wachukue miche kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara, aliyeanza kitalu chake. Shangazi akasema ni sawa, ni vizuri, wachukue. Mimi nilikuwa na uji mdomoni. Nitasema nilichokihisi, kwa kuwa bila hicho yote haya ni porojo: nilihisi nafuu. Aibu ilikuja baadaye. Kilichotangulia kilikuwa nafuu, kwamba hakuna aliyenitazama.

Walipoondoka alinichukua shambani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mche wa mfano, akaung'oa kwa mkono mmoja, akautikisa. Kiriba kilikuwa cheupe vilevile. Ndani yake mizizi ilikuwa imezunguka, imezunguka tena, imejifunga kwenye shina lake yenyewe. Alinipa nikishike.

"Yale mabaya yako yalioza vizuri," akasema.

Sikumwelewa. Akaniambia vile vipande vya manjano, nilivyomletea tucheke, vimemomonyoka vyote kwenye samadi. Alivitafuta akakuta makombo tu. "Nikadhani na hivi ni hivyohivyo," akasema. Kisha akanitazama usoni, kitu ambacho hakupenda kufanya akiwa anazungumza jambo zito.

"Mama, ulijua?"

Akilini nilikiona kile kipande ndani ya droo, na gazeti lake. Nikamwona na fundi.

"Sikujua, shangazi."

"Basi," akasema. "Asiyejua hana lawama. Nimewaambia ni mbegu kwa sababu wewe ni mgeni wao. Mimi wamenizoea, watanisema mwezi mmoja watachoka."

Hawakuchoka mwezi mmoja. Wengi walihamia ng'ambo ya barabara, na yeye akawa anaotesha miche yake michache, ya kwake na ya wanawake watatu waliobaki. Hakusema tena yale maneno ya njooni mnizike. Mimi huku nilimaliza shahada yangu. Kwenye tasnifu niliandika, kwa lugha safi, kwamba kasi ya kuoza katika udongo mkavu inahitaji utafiti zaidi. Sentensi hiyo ni ya kweli kabisa. Fundi alipostaafu, siku ya kumuaga, alinishika mkono akaniuliza kama wale wa Kolo walichana. Nikamwambia ndiyo. Huo ukawa uongo wa pili, na ulinitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

Msimu uliofuata shangazi alinipigia. Hakuna mikono, akasema, miche imekua, mvua imeshanyesha, kama mama ana nafasi aje asaidie kuchana. Nikaenda. Tulikuwa wanawake watano tumekaa uani, tumezungukwa na viriba vyeusi vya dukani, mipapai ndani yake imesimama vizuri. Kila mtu na wembe wake. Mmoja wa wale watatu waliobaki alikuwa yule mpole wa miche kumi. Akanitazama ninavyong'ang'ana na kiriba changu cha kwanza, akatabasamu.

"Mwalimu, leo na wewe unachana?"

Alikuwa ananitania, wala hakuwa na ubaya. Lakini shangazi aliinua mkono kumkatiza. "Mwacheni," akasema. "Safari ile hakujua."

Angesema kitu kingine chochote ningenyamaza. Najijua, ningenyamaza hadi leo. Lakini alilisema lile neno langu kwa sauti yake, mbele ya watu, kana kwamba ni kitu alichokichunguza akakihakikisha, yeye ambaye alishauza jina lake kwa ajili yangu.

"Nilijua," nikasema.

Nyembe zikasimama. Nikawaeleza. Kwamba mzee wa Zuzu alifukia kipande, akakifukua kizima, akaniletea kabla mvua haijanyesha. Kwamba alinitaka niwapigie mchane. Kwamba nilimpigia shangazi jioni ileile, nikamuuliza habari za mbuzi.

Hakuna aliyenitukana. Nilitamani anitukane mtu. Yule mwanamke mpole ndiye aliyeuliza, polepole, kama anayehakikisha kipimo cha shimo: "Kwa hiyo mbegu zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima."

"Hazikuanikwa juani?"

"Hazikuanikwa juani. Mbegu hazikuwa na tatizo lolote."

Akamgeukia shangazi. Akasema, "Dada, pole," na wale wengine wawili nao wakasema pole, na mmoja akaweka mkono juu ya goti lake. Nikajua kabla jua halijazama habari itakuwa imevuka barabara, na kwamba mwakani watarudi kwake wote kufuata miche. Nikafurahi kwa hilo. Nikamtazama nikitumaini nitaona kitu, hasira hata, chochote.

Alikuwa anachana. Alimaliza kiriba alichokuwa nacho, akauvua mfuko, akaweka mche kwenye beseni pamoja na mingine. Akafuta mkono kwenye kanga. Kisha akachukua mche mwingine kutoka safu ya nyuma, akaugeuza kuutazama, akaninyooshea.

"Haya, mwalimu," akasema. "Shika na huu. Chana mpaka chini."